Umbali Rasmi wa Njia ya Juu

Msiitafute nchi hii kwenye ramani. Ipo, ila ramani yake imeitwa ofisini kwa marekebisho na haijarudishwa. Kwa sasa itoshe kusema kwamba ina ziwa katikati, kubwa kiasi kwamba mtu akisimama ufukoni haoni ng'ambo hata apande juu ya paa la benki. Mashariki ya ziwa upo mji wa Mabamba, wenye hospitali ndogo. Magharibi yake upo mji wa Lukole, wenye hospitali kubwa, wizara zote, na watu wanaoandika barua. Zamani palikuwa na kivuko kati ya miji hiyo miwili. Kilipelekwa matengenezo mwaka niliooa, na kwa taarifa tulizonazo matengenezo yanaendelea vizuri. Nina wajukuu sasa.

Kwa hiyo anayetoka Mabamba kwenda Lukole lazima alizunguke ziwa. Akizunguka kwa kaskazini, watu husema amepita juu: kilometa mia tatu na kumi na nane, lami tupu. Akizunguka kwa kusini, amepita chini: kilometa mia tano sitini na moja, nusu yake changarawe, na kuna mahali barabara huingia mtoni na kutokea upande wa pili kwa imani. Hakuna aliyebishana juu ya jambo hili. Watu walipita juu, na waliokuwa na ndugu wa kuwasalimia huko chini walipita chini, wakarudi wamechoka.

Halafu Mlezi wa Taifa akaenda Kigoroka.

Kigoroka ni kijiji cha huko chini, alikozaliwa mama yake Mlezi. Alikwenda kuzindua bomba la maji, na alikwenda kwa helikopta. Wananchi walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, wamechangamka, na yeye alipowaona hivyo naye akachangamka.

"Ndugu zangu," alisema, "leo nimeondoka Lukole nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nimefika hapa, chai bado ya moto! Halafu wapo watu wanaosema huku ni mbali. Mbali na nini? Nasema leo, na nisinukuliwe vibaya: njia fupi kuliko zote za kulizunguka ziwa hili ni hii ya kwenu."

Hakunukuliwa vibaya. Makofi yalidumu dakika kumi na moja, na kesho yake gazeti la serikali liliandika kwa herufi nyekundu kwamba njia ya chini ni fupi. Siku ya tatu mtu mmoja wizarani, mwenye tabia mbaya ya kusoma vibao, akagundua kwamba kibao cha kwenye kipilefti cha Mabamba kinampinga Mlezi wa Taifa hadharani, mchana kweupe, tena kwa rangi ya kung'aa.

Kulikuwa na namna mbili za kuondoa utata huo. Moja ilikuwa kujenga barabara. Nyingine ilikuwa kuhamisha mawe. Kazi ikakabidhiwa Idara ya Umbali, chini ya Mkurugenzi wake, Bwana Osmundi Mpambalyoto, mtu mnene, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na sauti ya mtu anayesoma dua.

"Umbali ni suala la kisera," aliwaambia waandishi wa habari. "Kosa letu la miaka yote lilikuwa kuwaachia mafundi."

Vijana wake walizipita njia zote mbili na malori na sururu. Chini waliyang'oa mawe ya kilometa wakayapanda upya yakiwa yameachana, mpaka safari nzima ikawa kilometa mia mbili na kumi na tisa. Mawe yaliyobaki wakayapeleka juu, wakaongeza mapya machache, wakayabananisha, mpaka njia ya juu ikafika kilometa mia saba na mbili. Karibu na Lukole, ambako mawe yalikuwa mengi kuliko barabara, mtu aliweza kukaa juu ya jiwe moja na kupumzisha miguu juu ya jingine. Ramani nayo ikafuata. Ziwa lilivimba upande wa kaskazini na kubonyea upande wa kusini, na katika kubonyea huko visiwa vitatu vikajikuta nchi kavu. Wakazi wake waliandikiwa barua ya kuwapongeza kwa kuunganishwa na taifa, na kutakiwa wasalimishe mitumbwi.

Mwisho ikatungwa sheria. Kila upande wa ziwa lilijengwa geti lenye saa ya ukutani na daftari. Dereva akitoka, muda wake unaandikwa. Akifika, kilometa rasmi zinagawanywa kwa saa alizotumia. Akionekana amekwenda mbio, ameendesha kwa hatari. Akionekana amejikokota, amefanya uzembe. Ilikuwa sheria ya haki kabisa, kwa kuwa haikumwacha mtu yeyote.

Wa kwanza kuionja alikuwa Bahebe, mmoja wa madereva wawili wa gari la wagonjwa la Mabamba. Alipewa mzee muuza magodoro aliyepasuka kidole tumbo, akapita chini kama kibao kilivyoagiza, na akatumia saa kumi na moja. Mzee alifika Lukole akiwa marehemu. Taarifa rasmi ilitaja chanzo cha kifo kuwa ni dereva, aliyechukua saa kumi na moja kwenye kilometa mia mbili na kumi na tisa, mwendo ambao hata punda mwenye afya angeuonea aibu. Bahebe alifungwa miezi sita.

Akabaki dereva mmoja, Masalu Ndaki.

Masalu alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja, na gari lake la wagonjwa walikuwa wamezeekeana kama mume na mke: kila mmoja alijua mwenzake anaumwa wapi. Siku moja ya Jumanne, robo saa kabla ya saa mbili asubuhi, alimwona daktari akija mbio kwenye ukumbi wa hospitali, na daktari wa Mabamba hakuwa mtu wa kukimbia.

Mgonjwa alikuwa Nyanzobe, fundi cherehani wa mtaa wa sokoni, mwenye mimba ya miezi minane. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa vibaya na damu ilikuwa inamtoka. Alihitaji upasuaji na damu ya kuongezwa, na vyote viwili vilikuwa Lukole.

"Anaweza kusubiri kwa muda gani?" Masalu aliuliza.

"Saa sita," daktari alisema. "Saba, tukiomba Mungu."

Nesi Kokushubila alipanda nyuma na mgonjwa. Mbele, pembeni ya dereva, alipanda mume wa mgonjwa, Mwalimu Sita Bugomola. Huyu alikuwa akifundisha Jiografia shule ya sekondari ya Mabamba, na alikuwa mtu wa nidhamu. Ramani mpya ilipoletwa aliibandika siku hiyohiyo, na mwanafunzi aliyeuliza kuhusu visiwa alimwambia akae chini. Mapajani alishika Fomu ya Uchaguzi wa Njia, ambayo sheria ilitaka ijazwe na ndugu wa mgonjwa. Ilikuwa fomu rahisi. Sehemu ya kuchagua ilikuwa imeshapigwa chapa: CHINI.

Getini mlinzi aliandika: saa mbili kamili. Mita mia tatu mbele kipo kipilefti, na hapo kibao kipya, kikubwa kama mlango wa ghala. Kushoto: LUKOLE 219. Kulia: LUKOLE 702.

Masalu alianza kuzunguka kipilefti. Alipofika mbele ya njia ya kushoto hakuingia. Alipofika mbele ya njia ya kulia hakuingia. Akazunguka tena.

"Mzee Masalu, mbona unazunguka?" Mwalimu aliuliza.

"Nakusubiri wewe, Mwalimu. Fomu ni yako."

"Fomu inasema chini."

"Nimeiona. Nami nimemwona Bahebe akipelekwa."

Mwalimu alikitazama kibao. Midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtu anayekumbuka shairi alilolikariri. "Kilometa mia mbili na kumi na tisa," alisema. "Wizara imethibitisha. Mimi mwenyewe nimeitungia mtihani."

Wakazunguka mara ya tatu. Muuza machungwa aliyekaa katikati ya kipilefti alianza kuwahesabia. Nyuma ya gari Nyanzobe alitoa sauti, siyo kubwa, kisha akasema, "Baba Kabula, ni baridi." Nje jua lilikuwa linawaka.

Mwalimu aligeuka. Kupitia kidirisha aliona mkono wa mkewe umelegea nje ya shuka, na nesi amemwinamia akisogeza ndoo kwa mguu. Alikaa hivyo mpaka gari lilipomaliza nusu duara. Kisha akaikunja ile fomu mara mbili, akaikalia, na akasema kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayetukana msikitini:

"Pita juu."

Masalu alipita juu. Hakukimbiza; gari lile lilikuwa halijui kukimbia, lakini lilijua kutosimama. Mawe ya kilometa yalipita dirishani yamefuatana kama kunguru kwenye waya. Mwalimu aliyahesabu bila kutaka, kwa mazoea ya kazi, na alipofika jiwe la mia mbili na kumi na tisa akaona wako daraja la Nyamwiru, ambalo tangu utotoni alijua liko kilometa mia moja tu kutoka nyumbani. Akaacha kuhesabu. Akamwomba nesi ampitishie mkono wa mkewe kwenye kidirisha, akaushika mpaka Lukole.

Walifika getini saa sita na nusu mchana. Mlinzi alibonyeza kikokotoo, akakitikisa, akabonyeza tena.

"Mzee," alisema, "umekuja kwa mwendo wa kilometa mia moja hamsini na sita kwa saa."

"Kwa gari hili?"

Mlinzi alilitazama gari. Mlango wake wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. "Mimi napiga hesabu tu," alisema. "Uko chini ya ulinzi."

"Mgonjwa anakufa, mwanangu."

Mlinzi alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Basi mfikishe hospitali," alisema, "kisha urudi ukamatwe."

Masalu alimfikisha mgonjwa. Nyanzobe alipasuliwa, akatiwa chupa tatu za damu, akajifungua mtoto wa kike aliyelia kabla ya kuguswa. Daktari wa Lukole alisema wangechelewa saa moja tu, Mwalimu angezika wawili. Masalu alivisikia hivyo vilio vya mtoto akiwa koridoni, akavaa kofia yake, akarudi getini kukamatwa.

Alirudishwa Mabamba, akakaa mahabusu wiki tatu. Shtaka lilikuwa kuendesha gari la wagonjwa kwa mwendo wa hatari, miaka miwili. Kulikuwa na utetezi mmoja tu wa kweli, nao ni kusema kwamba njia ya juu si kilometa mia saba na mbili. Lakini kusema hivyo ni kusema Mlezi wa Taifa alikosea, kosa linaloitwa uchochezi wa kijiografia, miaka saba. Wanasheria waliopita kumsalimia wote walimshauri akiri mwendo.

Siku moja kabla ya kesi Mwalimu Sita alikuja na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. Alikaa upande wa pili wa nondo, hakufungua bakuli.

"Mzee Masalu, wameniita kesho," alisema. "Nimeitwa na upande wa serikali. Shahidi mtaalamu wa ramani."

"Ni heshima, Mwalimu."

"Wamenitaka niseme namba. Namba moja tu, kisha nishuke."

"Basi iseme. Una watoto watatu sasa. Mimi wangu wameshaoa."

"Wewe ndiye uliyekuwa na usukani," Mwalimu alisema, "lakini mimi ndiye niliyesema pita juu. Na kwenye hati ya mashtaka simo."

"Hati yao ni fupi, hawawezi kuandika kila mtu. Hilo bakuli lina nini?"

Lilikuwa na wali na dagaa. Walikula wote wawili, wakipitishiana kijiko kati ya nondo, na hawakuzungumza tena habari za kesi.

Mahakama ilijaa hadi madirishani. Hakimu alikuwa Pelagia Buberwa, mwanamke mwembamba mwenye miwani, mzaliwa wa Mabamba, aliyesifika kwa kutowahi kutoa hukumu iliyomkasirisha mtu wa Lukole. Bwana Mpambalyoto alikuja mwenyewe na jiwe moja la kilometa kama kielelezo, likabebwa na askari wanne. Alieleza kwa sauti yake ya dua kwamba jiwe halina sababu ya kusema uongo.

Kisha akaitwa Mwalimu Sita. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake.

"Mwalimu," mwendesha mashtaka alisema, "iambie mahakama. Kutoka Mabamba hadi Lukole kwa njia ya juu ni kilometa ngapi?"

Nyanzobe alikuwa amekaa benchi la mbele, mtoto ananyonya. Mwalimu alimtazama mkewe, akamtazama Mkurugenzi, na mwisho akalitazama jiwe.

"Kwa mtihani," alisema, "ni mia saba na mbili."

"Asante, unaweza ku..."

"Kwa mke wangu, siku ile, ilikuwa mia tatu na kumi na nane."

Mkurugenzi alitoa kalamu moja mfukoni, akaandika kitu kifupi, akairudisha. Hakimu aliinamia karatasi zake kwa muda mrefu. Alipoinuka, aliagiza gari la wagonjwa likapimwe mwendo, tena likapimiwe kwenye kiwanja cha ndege, kwa kuwa kiwanja kile kilikuwa bado hakijafikiwa na Idara ya Umbali.

Askari wa usalama barabarani walilikimbiza gari siku nzima. Waliripoti kwamba mwisho wake ni kilometa sabini na nane kwa saa, na baada ya hapo milango hufunguka.

Hukumu ilisomwa Ijumaa. Hakimu Pelagia aliisoma bila kuinua macho. "Mahakama hii," alisema, "inakubali bila shaka yoyote kwamba njia ya juu ni kilometa mia saba na mbili. Mahakama inakubali pia kwamba gari hili haliwezi kuzidi kilometa sabini na nane kwa saa. Kwa hiyo safari ilichukua saa tisa. Gari lilifika Lukole saa sita na nusu mchana, hilo halina ubishi, saa ya Lukole ikiwa ni saa ya makao makuu. Basi lazima liliondoka Mabamba saa tisa na nusu usiku. Geti la Mabamba liliandika saa mbili asubuhi. Mahakama inaona kwamba saa za Mabamba zimetangulia kwa saa nne na nusu, na kwamba mshtakiwa hana hatia. Inaamuriwa saa zote za mji huu zirudishwe nyuma kulingana na sheria."

Mkurugenzi alitafuta mahali ambapo Mlezi wa Taifa amepingwa, hakupaona. Hakimu alivua miwani, akasema anajisikia vibaya, akaomba likizo ya mwezi mmoja.

Tangu siku hiyo Mabamba jua huchomoza saa saba na nusu usiku. Watu walipata shida wiki ya kwanza tu. Adhana na kengele za kanisa ziliendelea kulifuata jua, ambalo halikuwa mshtakiwa katika kesi ile. Kwa mambo mengine kila mtu aliweka saa mbili nyumbani, moja ya serikali na moja ya kupikia. Watumishi wa umma, wanaotakiwa kazini saa mbili asubuhi, sasa huingia baada ya chakula cha mchana, na wameipokea hukumu kwa uzalendo mkubwa. Lakini faida kubwa ilikuwa barabarani. Anayetoka Mabamba kupitia juu kwa mwendo wa kawaida, akipigiwa hesabu Lukole, anaonekana ametumia saa tisa, mwendo usiomkera mtu. Masalu alirudishiwa usukani. Bahebe alimaliza kifungo chake akaanza kufuga kuku, na akiulizwa kama atarudi kazini hujibu kwamba kuku hawaendi popote.

Mwalimu Sita hakufukuzwa. Aliandikiwa barua kwamba anasubiri kupangiwa majukumu mengine, na amekaa akisubiri kwenye kibanda cha ushonaji cha mkewe, akishona vifungo. Mwanzoni majirani walimwonea huruma. Baadaye wakaanza kuleta nguo. Mtu alikuja na shati lisilo na tatizo, akaliweka mezani, akauliza polepole, "Mwalimu, hivi kutoka hapa mpaka Nyamwiru?" Mwalimu, bila kuinua kichwa kwenye sindano, alijibu, "Mia moja." Mtu akachukua shati lake akaenda. Nyanzobe alisema mume wake hajawahi kuwa na wanafunzi wengi kama hao, tena wasiosinzia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa mfungo, alikuja Bwana Osmundi Mpambalyoto.

Alikuja mchana, kwa miguu, peke yake, ameshika suruali iliyokunjwa. Wateja wawili waliokuwa kibandani walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Nyanzobe alisimamisha cherehani. Mwalimu alivuta kiti, kwa sababu mgeni ni mgeni.

"Nataka ifupishwe," Mkurugenzi alisema.

Mwalimu aliipima suruali. "Mbona imekutosha kabisa, mzee."

"Hata hivyo."

Jasho lilikuwa linamtiririka Mkurugenzi mpaka kwenye kalamu zake.

"Mama yangu yuko hapa hospitali," alisema mwishowe. "Aligoma kuhamia Lukole, anasema kule watu hawasalimiani. Utumbo umejisokota tangu asubuhi, na homa imepanda. Helikopta iko na Mlezi kwenye uzinduzi. Daktari anasema saa tano, na huyo daktari..." Alisita. "Hajui kwamba habari za saa anamwambia mtu wa umbali."

Nyanzobe alikuwa amemtazama moja kwa moja, mkono wake uko tumboni, pale penye kovu.

"Kwa kibao changu," Mkurugenzi alisema, "chini ni karibu. Nilikipaka rangi mwenyewe mbele ya kamera." Akaiinamia ile suruali. "Sasa nakuuliza wewe, Mwalimu."

Mwalimu Sita alitoboa kitambaa, akavuta uzi, akatoboa tena. Aliniambia baadaye kwamba kwa muda wa mishono miwili ile alifikiria mambo ambayo hataki Mungu ayasome. Kisha alimsikia mkewe akisema, "Baba Kabula. Ni mama wa mtu."

"Saa nne na nusu," Mwalimu alisema. "Masalu yuko hospitali sasa hivi, gari lina mafuta. Pita juu. Na usimharakishe, gari likizidi sabini na nane milango hufunguka."

Mkurugenzi alisimama. Alitaka kusema kitu, lakini alikuwa amezoea kusemea kwenye vipaza sauti. Akaondoka mbio, suruali akaiacha mezani.

Masalu alimbeba bi kizee kama alivyowabeba wengine wote. Mkurugenzi alikaa mbele, pale alipokaa Mwalimu, na njia nzima alitazama upande wa ziwa, ili asiyaone mawe. Nesi Kokushubila alikuwa nyuma, akimshika bibi asiteleze kwenye kona. Walifika, bibi akapasuliwa jioni ileile, utumbo ukanyooshwa.

Siku ya pili asubuhi bi kizee alifumbua macho. Mwanawe alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, shati limekunjamana. Nesi Kokushubila alikuwa akimwekea mto, na Masalu amesimama mlangoni na kapu la nguo za mgonjwa.

"Osmundi," bibi aliita. "Hapa ni Lukole?"

"Ni Lukole, Mama."

"Mbona tumefika upesi hivi? Si ulisema kwenye redio njia hii ni mia saba?"

Mkurugenzi alimtazama nesi. Akamtazama Masalu. Chumba kizima kilimsubiri, na nataka niwe mkweli, kwa muda kidogo alionekana kama mtu ambaye angeweza kusema lolote.

"Dereva alikimbiza sana, Mama," alisema.

Bi kizee aligeuza kichwa kwenye mto, akamkagua Masalu kuanzia kofia hadi kandambili.

"Huyu?" alisema. "Tumepitwa na lori la ng'ombe. Tumepitwa na basi la wanakwaya, wakatupungia mkono. Pale kwenye mlima tumepitwa na mtu wa baiskeli, nyuma amempakia mkewe."

Masalu alivua kofia, akaanza kuichunguza kwa ndani.

Mkurugenzi aliinuka taratibu, akamvuta nesi pembeni. "Sista," alinong'ona, "homa bado haijashuka. Mama anaweweseka. Tafadhali liandike hilo kwenye faili lake."

Nesi Kokushubila alichukua kipimajoto, akakiweka kwapani kwa bibi, akasubiri kama inavyotakiwa. Akakitoa, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamwonyesha. Nyuzi thelathini na sita na nusu.

Bwana Mpambalyoto alikisoma kwa makini, akakigeuza, akakisoma tena. Kisha akatoa kalamu mfukoni na kuuliza, kwa upole wake uleule, kipimo hicho kiko chini ya idara gani.